Dune ipi ununue Lubumbashi? Anza na maandishi ya chini ya skrini

Wasomaji wangu wananiletea lalamiko moja kuhusu filamu za Dune, tena na tena. Mama mmoja wa Bel-Air ameniandikia: "Yaya, Dune ya pili nimeiangalia mpaka mwisho, sijaelewa hata nusu. Wale watu wa jangwani wanaongea, wanaongea, mimi naangalia midomo tu." Kijana wa Katuba yeye amekasirika zaidi. Anaona mtengenezaji ana majivuno, anaweka watu kuzungumza lugha ambayo hakuna anayeijua na kumwacha mtazamaji gizani.

Filamu haina kosa lolote. Nakala waliyouziwa ndiyo imenyofolewa.

Kwa sababu hiyo sitaanza na ukali wa picha, wala ukubwa wa televisheni, wala spika. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe bila kumwuliza. Naanza na kitu ambacho sijawahi kumsikia mnunuzi akikiuliza: yale maandishi yanayotokea chini ya skrini wahusika wanapoongea lugha ya kubuni. Kwa hadithi hii, maandishi hayo ni sehemu ya filamu yenyewe, na ukiyakosa umenunua filamu pungufu.

Frank Herbert aliandika riwaya ya Dune mwaka 1965. Denis Villeneuve, Mkanada wa Quebec, ameigawa katika filamu mbili, ya 2021 na ya 2024. Wenyeji wa sayari ya Arrakis, Wafremeni, wana lugha yao, Chakobsa, ambayo mwanaisimu David J. Peterson ameiundia sarufi na msamiati kwa ajili ya filamu hizo. Sehemu ya pili imejaa lugha hiyo. Wafremeni wanabishana kwayo kama kijana Paul Atreides, shujaa wa hadithi, ndiye yule waliyemngojea au ni mgeni mwingine tu wa kuwatumia. Mabishano hayo ndiyo moyo wa filamu. Ukiyakosa, unabaki na vijana wazuri wanaokimbia mchangani na mnyoo mkubwa.

Kwenye diski halali tafsiri ya maneno hayo imehifadhiwa kando ya picha, na mashine inaiwasha yenyewe hata kama umechagua sauti ya Kifaransa. Mtu wa kunakili ana haraka: anachukua picha, anachukua sauti ya Kifaransa, yale maandishi anayaacha. Sauti ya Kifaransa inamtosha, kwa sababu yeye mwenyewe hakai kuitazama. Ndiyo maana Jessica, mama yake Paul, anaongea Kifaransa safi, halafu Stilgar, kiongozi wa Wafremeni, akifungua mdomo unabaki unakodoa macho.

Kuna namna ya kuikagua hapo hapo kwenye kibanda. Muuzaji atakufungulia filamu katikati, kwenye vita na milipuko. "Mama, iyi njo yenyewe, angalia picha!" Mwambie kwa heshima: Papa, rudisha mwanzo kabisa, kabla hata ya nembo za kampuni. Filamu zote mbili zinaanza na sauti nzito ya kukwaruza, inatamka maneno ya ajabu, na sentensi moja inaandikwa kwenye skrini. Ile ya 2024 inasema kwamba mwenye nguvu juu ya kiungo (spice, ile mali inayochimbwa Arrakis) ana nguvu juu ya kila kitu. Ukiisikia sauti na usione maandishi, rudisha mfukoni franka zako.

Akikubishia, na ni ile ya 2021, mwombe asogeze mpaka pale Paul na mama yake wamefungwa ndani ya ndege ya adui, wanapelekwa kutupwa jangwani. Wanapanga kujiokoa kwa ishara za vidole, kimya kimya, mbele ya askari wanaowalinda. Kwenye nakala kamili kila ishara ina tafsiri yake. Kwenye nakala mbovu unaona mikono inatikisika tu, kisha ghafla askari wanaanza kuuana. Msomaji mmoja aliniambia alidhani mama huyo anasali.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu nalitazama nikiwa Katanga. Arrakis ni nchi yenye mali moja ambayo ulimwengu wote unaitaka. Wakubwa wanakuja na mashine, wanachimba, wanapakia, wanaondoka, wanapokezana utawala, na wenyeji hakuna anayewauliza. Sisi tunaoishi na bomba la moshi la kiwanda cha shaba na kilima chake cheusi cha takataka za madini hatuhitaji kuelezwa hadithi hiyo. Sasa filamu imewapa wenyeji lugha yao, imewapa nafasi ya kubishana wao kwa wao kuhusu mgeni huyu, na mtu kwenye meza ya soko anawafunga mdomo kwa uvivu! Kwa hiyo nimepanga matoleo haya kwa kipimo kimoja: Wafremeni wamesikika kiasi gani?

Ya kwanza: filamu mbili za Villeneuve, kwenye Blu-ray halali ya Warner Bros.

Sifichi upande wangu. Kwa hadithi hii mimi ni mtu wa Villeneuve, na nakala ninayoitaka ndani ya nyumba ni ya Warner, toleo la Ufaransa, lenye sauti ya Kifaransa na maandishi ya Kifaransa. Ya 2021 ilichukua Oscar 6, zikiwemo za upigaji picha, sauti na muziki wa Hans Zimmer. Ya 2024 ilichukua 2, ya sauti na ya athari za picha. Lakini mimi namsifu kwanza kwa subira yake. Wengine walilazimisha kitabu chote kiingie katika filamu moja, yeye alikikata katikati, na ndiyo maana Wafremeni wamepata muda wa kuishi mbele yetu: wanakamua maji ya maiti, wanacheka, wanatofautiana kuhusu dini. Chani wa kitabuni, Mfremeni mpenzi wa Paul, anamfuata tu. Huyu wa Zendaya anamtilia shaka, na mashaka yake yanapasua mwisho wa filamu. Wapo wanaochukia badiliko hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu ndiye anayesema kwa niaba ya wanaobebwa na unabii bila kuulizwa.

Ukiwa na ndugu Brussels au Paris, mwagize. Blu-ray za Ulaya na za Afrika zote ni za kanda B, kwa hiyo mashine iliyonunuliwa kihalali huku itaisoma. Ukichukua DVD ya kawaida, jihadhari: Ulaya ni zoni ya 2, Afrika Kusini pia ni zoni ya 2, lakini Kongo tumewekwa zoni ya 5, na Marekani ni zoni ya 1. Mashine nyingi za bei nafuu zinasoma zote, ila ijaribu yako kwanza kabla hujamsumbua shemeji. Mwambie asome nyuma ya kasha mstari wa maandishi na kuhakikisha Kifaransa kimo. Toleo lililotoka Johannesburg au lililopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linaweza kuwa na Kiingereza peke yake.

Angalia pia urefu. Ya 2021 ni dakika 155, na jina linalotokea kwenye skrini linasema wazi kwamba ni sehemu ya kwanza. Ya 2024 ni dakika 166. Ukikuta faili linaloitwa "Dune" lina dakika 137, hiyo ni ya 1984, filamu nyingine kabisa. Wapo walioinunua hivyo wakaanza kuuliza kwa nini Timothée Chalamet, Paul wa Villeneuve, amebadilika sura.

Hapa lazima niseme la moyoni kuhusu "version longue". Mezani utakuta Dune ya 2021 au ya 2024 imeandikwa hivyo kwa kalamu nyekundu, na bei imepandishwa. Toleo refu la filamu hizo halijatolewa. Villeneuve ameshasema kwamba alichokikata amekikata, na hana mpango wa kukitoa. Anayekuuzia "version longue" anakuuzia wino. Na "Dune 3" wanayoitangaza? Niliyofunguliwa mimi ilikuwa ni Children of Dune, mfululizo wa televisheni wa 2003, James McAvoy akiwa bado kijana. Ni kazi nzuri, ila haihusiani na Villeneuve, na kuiuza kwa jina hilo ni wizi. Mnunuzi analipa kwa kazi ya mtu mmoja, anapewa ya mwingine, na akirudi kulalamika anaambiwa: "Yaya, si ni Dune tu?"

Ya pili: mfululizo wa televisheni wa 2000

John Harrison aliutengeneza katika vipande vitatu, jumla saa 4 na nusu hivi, William Hurt akiwa mtawala Leto, baba yake Paul, na Alec Newman akiwa Paul. Ulipigwa studio huko Prague, na inaonekana: nyuma ya wahusika mara nyingi ni jangwa la kuchorwa. Vittorio Storaro aliumulika kwa rangi nzito kama za jukwaani, akapata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kazi hiyo. Vijana wataucheka dakika za mwanzo. Waache wacheke, kisha waendelee.

Nauweka wa pili kwa sababu unafuata kitabu kuliko filamu zote za sinema. Ile karamu ya chakula cha usiku, ambapo wafanyabiashara wa maji na wakubwa wa mji wanapimana kwa maneno, haimo kwa Villeneuve wala kwa David Lynch, mwongozaji wa ile ya 1984. Humu imo. Wafremeni wanapewa muda mrefu wa kutosha. Na ule ugonjwa wa maandishi hauugusi sana, kwani karibu kila mtu anaongea lugha moja. Kwa mtu anayenunua filamu za kunakiliwa kwenye flashi, hili ndilo toleo ambalo mnakilishaji mvivu hana la kuharibu.

Ya tatu: David Lynch, 1984, dakika 137

Ilipigwa Mexico, Kyle MacLachlan akiwa Paul, Sting akiwa adui yake Feyd-Rautha, minyoo ikiwa kazi ya mikono ya Carlo Rambaldi. Katika baadhi ya kumbi za Marekani watazamaji waligawiwa karatasi ya maana za maneno kabla ya filamu kuanza, na hiyo peke yake inakuonyesha hadithi ilivyobanwa. Theluthi ya mwisho inakimbia mno: maisha ya Paul na Wafremeni yanapita kwa kasimulizi kafupi. Tena wanapigana kwa silaha za sauti ambazo kitabuni hazimo, kana kwamba watu walioishi jangwani vizazi na vizazi hawawezi kushinda bila kuletewa bunduki.

Lakini ina kitu kimoja ninachokipenda sana. Lynch aliwapa wahusika minong'ono ya mawazo yao. Mashine ya kuchimba kiungo inakaribia kumezwa na mnyoo, mtawala Leto anaamuru mzigo uachwe, watu waokolewe. Hapo unamsikia Kynes, mtaalamu wa sayari, akikiri kimoyomoyo kwamba anampenda mtawala huyu, ingawa hakutaka. Tukio hilo limetoka kitabuni, na kila mke wa mchimbaji wa Kolwezi au Likasi analielewa bila maelezo. Mzigo umebaki chini, watu wamerudi nyumbani.

Ya mwisho: Lynch iliyorefushwa kwa televisheni, 1988

Usiinunue. Inakaribia saa 3, kwa hiyo wauzaji wanaipenda sana, kwani hapa kweli wana kitu kirefu cha kuuza. Lynch aliikataa mpaka akaondoa jina lake: kwa uongozi limewekwa Alan Smithee, jina la bandia lililotumika Hollywood kwa waliokataa kazi zao, na kwa uandishi limewekwa Judas Booth. Inaanza na michoro na msimulizi, vipande vinarudiwa, na kwenye baadhi ya picha zilizoongezwa Wafremeni hawana macho ya buluu, kwa sababu hakuna aliyemaliza kuyatia rangi. Macho hayo ndiyo alama yao, yanatokana na kula kiungo maisha yote. Kuwatoa bila macho yao ni dharau, nami siwezi kuisamehe.

Flashi za bei ya chini

Kama huna njia nyingine, nenda nayo, lakini kwanza ukague ule mwanzo, uhesabu dakika, na uombe faili la maandishi likiwa na jina moja na filamu. Sina zaidi ya hapo.

Bei nazo zimekosa adabu. Kwenye soko la Kenya, ile komini yetu ya Lubumbashi, na mjini, mtu anakutajia dola, ukitoa franka anabadilisha kwa kiwango chake mwenyewe, ukitoa dola anaishika juani, anatafuta mkunjo, akiona kachaniko kadogo anairudisha. Ila yeye diski yake yenye mikwaruzo hataki uiangalie juani. Iangalie. Igeuze chini juu, mbele yake, kabla noti yako haijatoka mkononi.

Wanaopendelea kitabu wana mtego wao. Tafsiri ya Kifaransa ni ya Michel Demuth, ilitoka 1970 kwa wachapishaji Robert Laffont, na ina kamusi nyuma inayokusaidia majina yote. Matoleo ya zamani ya Pocket, yale madogo yanayouzwa chini barabarani, yaligawa riwaya hii moja katika juzuu mbili. Wengi wananunua ya kwanza, wanafika mwisho wake katikati ya hadithi, wanadhani Herbert aliandika vibaya. Wengine wanachukua ya pili wakiamini ni mwendelezo, wakati mwendelezo ni Le Messie de Dune. Muuzaji akikutajia bei ya kitabu kizima kwa juzuu moja, mkatalie mpaka alete na ya pili, zote mbili kwa bei hiyo hiyo.