Kwenda Maundi na baba yangu: njia ni njema, mwongozaji hakufaa

Nimejizuia kuandika haya kwa majuma kadhaa, nikitumaini kwamba hasira ikipoa nitaandika kwa haki zaidi, lakini haijapoa. Ninazungumzia safari ya siku moja kutoka lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro hadi kambi ya Mandara, na kutoka hapo hadi ukingo wa kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, ambayo nililipia kupitia kampuni moja ya utalii ya mjini Moshi mara tu masika yalipokwisha. Tulikuwa watatu: baba, mdogo wangu na mimi.

Baba amepita miaka 70. Katika ujana wake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu, na alifika Mandara mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Maundi hakuwahi kufika hata mara moja, ingawa ni mwendo wa robo saa tu kutoka kambini, kwa sababu mpagazi akishatua mzigo kuna maji ya kuchota na chakula cha wageni cha kuandaa. Aliniambia hivyo jioni moja tukinywa chai, bila kulalamika, nami nikaazimia kumpeleka.

Njia yenyewe sina neno baya juu yake. Ni kilomita 8 hivi ndani ya msitu, na kwa kuwa wapagazi wana njia yao pembeni, kulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia mbega wakirukia matawi kabla hatujawaona. Mdogo wangu alipiga magoti kuangalia lile ua dogo jekundu lenye mkia wa njano, Impatiens kilimanjari, ambalo halioti popote isipokuwa mlima huu. Hakuna kati ya hayo tuliyoonyeshwa na mwongozaji. Yeye alitangulia na simu yake sikioni, na ni baba aliyetueleza, tulipopumzika Kisambioni, kwamba Mandara ndilo jina ambalo wageni walimwita Mangi Rindi, yaani mtawala wa Wachaga wa Old Moshi.

Tulifika Mandara mchana, baba akiwa amechoka lakini amechangamka kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Tulipomaliza kula nilimwambia mwongozaji kwamba tuko tayari kwa Maundi. Akajibu bila kuinuka kwamba hapo ndipo mwisho wa safari. Nilimkumbusha kwamba Maundi imeandikwa kwenye risiti tuliyopewa. Akamtazama baba, mtu wa umri wa babu yake ambaye tangu asubuhi hakuwa amempa hata shikamoo, akasema: "Huyu mzee amekwisha. Na nyinyi mnalipa bei ya wazawa, msitake kutembezwa kama Wazungu."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani usiku mwingi. Ni kweli kwamba kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini kampuni ile nililipa ilichoniomba chote, bila kuomba kupunguziwa hata shilingi. Zaidi ya hayo, hata kama ningekuwa nimelipa nusu, mzee wa Marangu hapaswi kuambiwa amekwisha juu ya mlima alioubebea mizigo tangu kijana huyo hajazaliwa. Baba alisema tu, "Kijana wangu, nitakwenda polepole," akachukua fimbo yake.

Mwishowe mwongozaji alitufuata, kwa kununa. Tulipotokea juu, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na tulichoona ni nyasi peke yake, ndefu, zimelazwa na upepo kuzunguka ukingo wote na kushuka hadi ndani ya kreta. Kisha upande wa kilele cha Mawenzi ukafunguka, meno yake yote yakaonekana, na kilele cha Kibo nyuma yake, na baada ya muda mfupi mashariki nako kukafunguka hadi tambarare za Kenya na Ziwa Jipe kule mpakani. Baba alivua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia nje ya kanisa. Hapo ndipo mwongozaji, aliyekuwa amesimama chini kidogo akiangalia saa, alipompigia mluzi, kama anayeita mbuzi, akisema dakika zetu 10 zimekwisha. Baba akavaa kofia, akashuka.

Kwa hiyo nisemeje? Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasiende, na sasa nikikumbuka zile nyasi naona nitakuwa nimewanyima kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona katika mkoa wetu. Nendeni. Lakini mwulizeni mwongozaji mwenyewe kabla ya kulipa, uso kwa uso, kama atawafikisha Maundi na atawaacha mkae.

Kampuni ilinitumia ujumbe ikisema inasikitika na kwamba safari ijayo tutapunguziwa. Nilikaribia kuridhika, kisha nikakumbuka ule mluzi. Kwetu Uchagani aliyekosa huja mwenyewe na jani la sale mkononi, na akija hivyo hakataliwi. Si kampuni wala kijana yule aliyempigia baba hata simu, na neno la punguzo la bei kwangu ni kuniambia tena kwamba shida yetu ilikuwa fedha. Baba anasema amekwisha kumsamehe bila sale. Mimi bado, na sitachukua punguzo lao.

Tunarudi kabla ya vuli na mwongozaji mwingine, jirani yetu, ambaye huanza kwa shikamoo. Baba ameniuliza mara mbili wiki hii kama viatu vyake vimekwisha kushonwa.