Google Calendar kwa Biashara ya Nyumbani: Tathmini

Kwa sisi tunaooka keki za oda katika nyumba za kupanga hapa Nairobi, chombo cha kupanga muda hakina budi kutuonyesha kazi ya siku kabla mteja hajapiga simu kuulizia. Nimetumia Google Calendar na Trello, na ninapendekeza ya kwanza bila kusita. Haimtozi chochote mwenye akaunti ya Google, na ratiba huendelea kuonekana kwenye simu hata bando linapokwisha. Ninachokithamini zaidi ni kazi zinazojirudia: "kununua unga na mayai" nimeiandika mara moja tu, nayo hujitokeza kila Alhamisi. Kila oda huipa rangi yake, kijani kwa iliyolipiwa kwa M-Pesa na nyekundu kwa ile ambayo arubuni yake haijaingia, hivyo hata binti yangu, ambaye nimemshirikisha ratiba hiyo, anajua ipi isianze kuokwa.

Trello, yenye kadi zinazosogezwa kutoka safu moja hadi nyingine, inafaa oda yenye hatua nyingi kama ya harusi, ingawa kwa anayefanya kila kitu peke yake kuzisogeza ni kazi ya ziada.

Upungufu wa Google Calendar ni kwamba haipimi muda uliotumika kweli. Hapo huongezea Toggl Track, ambayo ni bure kwa kikundi kisichozidi watu 5: unabonyeza unapoanza kupamba, unabonyeza tena ukimaliza, na saa hizo ndizo zinazopaswa kuingia katika bei ya keki.