Bima ya kamera Nyanda za Juu Kusini: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kamera za huku kwetu huharibika zaidi njiani kuliko mikononi mwa wezi: bodaboda imeserereka kwenye utelezi wa Tukuyu, vumbi la barabara ya Iringa kwenda Ruaha limeingia kwenye lenzi, mchanga wa Matema umekwama kwenye pete ya fokasi. Bima inayotaja moto na wizi peke yake haikufai. Mpangilio wangu ni huu.

1. Bima ya hatari zote. Kwa anayekula kwa kamera, sioni mshindani. Kwenye hati huandikwa "All Risks", nayo kwa kawaida hubeba kudondoka, kumwagikiwa maji na kuibiwa, hata ukiwa nje ya nyumba. Ambatisha orodha yenye serial namba za bodi, kila lenzi na flashi, pamoja na risiti.

Usiandikishe thamani pungufu ili ulipe ada ndogo. Vifaa vikiwa vya milioni 4 nawe ukaandikisha milioni 2, hasara ya milioni 1 unaweza kulipwa laki 5, maana umekatia bima nusu tu ya thamani, tena kabla hawajakata kile kiasi cha kubeba mwenyewe ("excess", sehemu ya hasara unayoilipa wewe). Sema wazi kwamba unapiga harusi na send-off, maana dai la mtu aliyeficha biashara hukataliwa kirahisi. Uliza pia kuhusu begi lililoachwa ndani ya gari bila mtu. Hapo wengi hukwama.

Jambo moja haibebi: uharibifu wa polepole, kama kutu na kuvu kwenye lenzi. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, Ziwa Nyasa kwenye 475. Ukishuka siku hiyohiyo na kamera yenye baridi, ukaifungua kwenye joto la Kyela, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya kioo na hata ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto. Vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke kwenye begi vinyonye unyevu.

Kabla ya kulipa, hakiki hati kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Wakala anayekwepa kukupa namba ya kuhakiki, achana naye. Dai likizungushwa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

2. Begi gumu na akiba yako. Kwa kamera moja ya mtumba na lenzi yake, naiweka juu ya bima zote zinazofuata. Ada ya kila mwaka, jumlisha kiasi cha kubeba mwenyewe, inaweza kukaribia bei ya kununua nyingine. Ila begi liwe na sponji ndani na koti la mvua. Kwenye basi lipakate. Buti si mahali pake.

3. Bima ya nyumba yenye nyongeza. Inamfaa anayepiga picha kwa kujifurahisha. Bila nyongeza, kamera ikitoka mlangoni mara nyingi imetoka kwenye bima.

4. Bima ya safari. Ukivuka mpaka wa Tunduma (Zambia) au Kasumulu (Malawi) ina maana, hasa kwa matibabu. Kwa vifaa huwa na ukomo kwa kila kitu kimoja, na lenzi nzuri huupita ukomo huo mapema.

5. Waranti. Hii inahusu kasoro za kiwandani. Muuzaji akikuambia inabeba na kudondoka, mwambie aiandike kwenye risiti.