Mbolea ya kununua kwa mparachichi wa nyumbani, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Kama una mparachichi mmoja au miwili uani, usianzie duka la pembejeo. Anzia kwa jirani anayefuga ng'ombe. Nahudumia miti minne nyumbani kwetu Moshi, na nimeona watu wengi mtaani wakitoa hela kwa mifuko ambayo mti haukuihitaji, huku samadi nzuri ikirundikana nyuma ya banda hatua hamsini tu kutoka mlangoni kwao.

Nazungumzia mti wa nyumbani, si shamba la ekari kumi la parachichi aina ya Hass kule Njombe au Rungwe. Mwenye shamba kubwa anapima udongo, anajua kinachopungua na ananunua hicho. Sisi wa uani tunakisia. Kwa hiyo nimepanga mbolea hizi kwa kuangalia mambo matatu: mti unapata nini, ukikosea kipimo madhara yake ni makubwa kiasi gani, na kama utaimaliza kabla haijaganda stoo.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha tatizo lako linatibiwa na mbolea. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mti uliotokana na kokwa mliyotupa uani unaweza kukaa miaka saba, hata kumi, bila kuonyesha tunda, na hakuna mfuko utakaoufanya uzae leo. Ukiona majani yamekuwa madogo na yamepauka, na ncha za matawi zinakauka kuanzia juu wakati udongo chini umelowa, shuku mizizi imeoza. Ugonjwa huo huletwa na vimelea vya Phytophthora, navyo hustawi panapotuama maji. Mti wa namna hiyo ukiuwekea mbolea ya chumvichumvi unauongezea mateso. Chimba mfereji maji yaondoke, mbolea isubiri.

Ya kwanza: samadi ya ng'ombe iliyoiva

Hii ndiyo ningenunua hata kama ningeruhusiwa kununua kitu kimoja tu maishani mwa mti. Mizizi ya parachichi inayokula iko juujuu, mingi haizidi sentimita 30 kwenda chini, na inapenda udongo uliolegea, wenye hewa, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Samadi inaleta chakula na kuutengeneza udongo huo kwa pamoja, jambo ambalo chumvi ya dukani haiwezi.

Neno la kushikilia hapo ni "iliyoiva". Ukifika kwa mfugaji ingiza mkono katikati ya rundo. Ikiwa kuna joto, au harufu ya zizi bado kali, mwambie utarudi. Iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka kama udongo na hainuki. Kwa kawaida inahitaji miezi mitatu hivi kwenye rundo lililofunikwa. Mbichi hubeba mbegu za magugu na huita mchwa, nao mchwa wakishaanza na samadi huishia kwenye shina.

Inauzwa kwa kiroba, kwa debe au kwa guta zima. Kwa shimo la kupandia la sentimita 60 kwa 60, debe moja au mawili yaliyochanganywa na udongo wa juu yanatosha. Mti mkubwa unaozaa, madebe matatu au manne kwa mwaka, yatandazwe chini ya matawi kuanzia kama sentimita 30 kutoka shinani hadi pale kivuli kinapoishia. Usichimbie kwa jembe, utakata mizizi ile ile unayoilisha. Funika kwa majani makavu. Samadi ya mbuzi ukiipata ni nzuri vilevile, na ina nguvu kidogo zaidi.

Ya pili: NPK 17:17:17

Namba hizo ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kwa mtu ambaye hajapima udongo, uwiano huu ndio salama zaidi miongoni mwa mbolea za viwandani, kwa sababu hauusukumi mti upande mmoja. Zipo pia zenye potasiamu nyingi zaidi, kwa mfano YaraMila Winner ya 15:9:20, na kwa mti ambao tayari unazaa ningeichagua hiyo kama bei haipishani sana, maana tunda la parachichi linabeba potasiamu nyingi.

Sasa tupige hesabu ambayo wengi hawaipigi. Mti mkubwa unaopata samadi unatosheka na kilo moja hadi moja na nusu kwa mwaka, igawe mara mbili au tatu. Miti miwili ni kilo 3. Mfuko wa kilo 50 utakuchukua zaidi ya miaka 16, na mbolea iliyofunguliwa haikai hivyo. Inanyonya unyevu na kuwa jiwe. Nunueni majirani watano au sita mfuko wa kilo 25 mgawane siku hiyo hiyo, kila mtu na ndoo yake yenye mfuniko. Ukinunua ya kupimiwa kwa kilo, omba uone mfuko inakotoka: jina, namba za uwiano, tarehe ya kuisha, na mshono usioguswa kama ndiyo unafunguliwa. Na usiweke matumaini kwenye bei ya ruzuku. Tanzania hiyo hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, na miti miwili ya uani haikufikishi huko.

Mche wa mwaka wa kwanza upewe kidogo sana, gramu 60 hivi kila baada ya miezi mitatu. Kizibo cha soda hubeba takriban gramu 5, basi ni vizibo 12 vilivyozungushwa mbali na shina.

Ya tatu: mbolea ya kuku

Ingekuwa ya kwanza kama si ukali wake. Kilo kwa kilo ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, pengine mara mbili au tatu, na fosforasi pia. Lakini ina chumvi, na parachichi haivumilii chumvi. Mwaka wangu wa pili nilimwaga viroba viwili vibichi, moja kwa moja kutoka banda la kuku wa mayai, kwenye mti uliokuwa umeanza kutoa maua. Ndani ya wiki tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia kama zimepitishwa motoni, maua yakapukutika yote. Mti ulipona, ila msimu mzima ulipotea na bado unaniuma. Nunua iliyolazwa miezi mitatu au minne, na uweke nusu ya kile ambacho ungeweka cha ng'ombe. Ya kuku wa nyama yenye maranda mengi ni ya upole kiasi, lakini maranda mabichi hunyang'anya udongo naitrojeni yanapooza, kwa hiyo nayo ingoje.

Ya nne: CAN

Ina naitrojeni asilimia 26 au 27 pamoja na kalsiamu kidogo. Nzuri pale tu majani ya zamani yanapogeuka manjano kwa usawa na mti umedumaa, mvua zikiwa zimeanza. Gramu 200 hadi 300 kwa mti mkubwa, basi. Ukiendelea kuimwaga kwa kuwa majani yanapendeza, utapata msitu usio na tunda. Huganda haraka kuliko zote, kwa hiyo nunua ya kutumia wiki hiyo.

Ya tano: fosfeti ya Minjingu

Inachimbwa mkoani Manyara, na huyeyuka polepole kwenye udongo wenye asidi, kama udongo mwekundu wa nyanda za juu. Changanya viganja viwili kwenye shimo siku ya kupanda, halafu sahau. Kwa mti uliokwisha simama haina haraka. Kwenye udongo wa chokaa usiinunue kabisa, haitayeyuka.

Potasiamu pekee huuzwa kwa aina mbili. Ya kloraidi ni rahisi kwa bei, lakini kloraidi ndiyo inayounguza ncha za majani ya parachichi. Chukua ya salfeti hata kwa bei ya juu, au tumia majivu ya jikoni ya kuni, kikombe kimoja au viwili kwa mti mkubwa, kama udongo wako ni wa asidi. Busta, yaani mbolea za maji za kupuliza kwenye majani, zipite tu: zenye boroni na zinki zina maana kabla ya maua kuchanua, zilizobaki ni maji ya bei ghali kwa mtu wa uani.

Za mwisho: urea na DAP

Najua urea ndiyo inayopendwa. Ina naitrojeni asilimia 46, na ukigawa bei kwa kilo ya naitrojeni mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kwa mahindi sina ugomvi nayo. Kwa mti mmoja uani, ikiachwa juu ya udongo wenye joto sehemu yake inapaa hewani kama amonia, na ikirundikwa karibu na shina inaunguza mizizi ya juujuu. DAP, yenye 18 ya naitrojeni na 46 ya fosforasi, ni mbolea ya kupandia mahindi na maharage. Mti wa miaka mitano hauhitaji fosforasi kiasi hicho. Kama urea ilibaki shambani na hutaki ipotee, vizibo 20 kwa mti mkubwa, itandazwe kote chini ya matawi, ifunikwe kwa majani na imwagiwe maji jioni hiyo hiyo.