Baiskeli na chumvi ya bahari: dawa ya kutu ya kubeba na ya kuacha

Maduka ya vifaa vya baiskeli yamejaa makopo yanayoahidi kuzuia kutu, na mtu anayejiandaa kuendesha kando ya bahari kwa siku nne tano hushawishika kununua yote. Hakuna haja. Vinavyofanya kazi ni vitatu: grisi isiyotoka kwa maji, inayopakwa kabla ya safari, mafuta mazito ya cheni, na maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya kuoshea kila jioni. Kopo la kupuliza linashika nafasi ya nne. Lina kazi yake, lakini ndilo hununuliwa la kwanza na kutumiwa mahali pasipo pake.

Sababu iko kwenye chumvi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari hubeba chumvi gramu 35 hivi. Tone likikauka juu ya chuma, maji huondoka na chumvi hubaki. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa pale unyevu huo unapofika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari huanza mapema zaidi kwa kuwa ndani yake mna kloridi ya magnesiamu. Usiku ufukweni hewa huvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo baiskeli iliyoegeshwa kavu jioni huamka na vidoa vya rangi ya chungwa kwenye cheni, ingawa haikunyeshewa wala kufikiwa na wimbi. Chumvi iliyoachwa juu yake imejitafutia maji yake.

Tuanze na kopo maarufu kuliko yote, WD-40. Jina lenyewe linaeleza kazi yake, kwani WD ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji: lilitungwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, likiwa jaribio la 40 la kupata kimiminika cha kufukuza maji, na matumizi yake ya awali yalikuwa kukinga ngozi ya nje ya makombora ya Atlas. Kufukuza maji ndicho linachofanya vizuri. Baada ya kuosha baiskeli, mpulizo mfupi kwenye vichwa vya bolti, viungo vya kibadilisha gia na springi za breki husukuma nje maji yaliyojificha. Kosa ni kulifanya mafuta ya cheni. Kimiminika hiki ni chepesi, sehemu yake kubwa huvuka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba usiohimili siku nzima ya mzigo na vumbi la chumvi. Vilevile huyeyusha mafuta mazito yaliyokuwa ndani ya cheni. Anayekipulizia kwenye cheni kisha asiongeze mafuta halisi ameiacha cheni uchi kuliko alivyoikuta.

Kwa fremu, spoku na bolti zinazokaa wazi, kuna makopo yanayoacha utando wa kudumu zaidi. Boeshield T-9, iliyobuniwa na Boeing kwa ajili ya ndege, huacha tabaka la nta ya parafini likishakauka. Ipakwe jioni ya kabla ya safari ili ipate usiku mzima. Fluid Film ina lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Haikauki, hutambaa hadi kwenye nyufa, na kwa ndani ya mabomba ya fremu ya chuma ni nzuri kupita ile ya nta. Udhaifu wake ni kunata: mchanga na vumbi huganda juu yake, na huvimbisha mpira wa asili, kwa hiyo iwe mbali na matairi na vifuniko vya mpira. Kwa safari ya wiki moja, tambara lililoloweshwa kidogo na moja kati ya hizi mbili, likapitishwa spoku moja baada ya nyingine, linatosha. Kumwaga kopo zima hakuongezi kinga, kunaongeza uchafu tu.

Onyo moja lisilo na mjadala: chochote cha kupuliza kikae mbali na diski za breki, na kwa breki za rimu kikae mbali na ukingo wa rimu. Mafuta yakishaingia kwenye pedi za diski, pedi hizo kwa kawaida ni za kutupa. Diski yenyewe husafishwa kwa alkoholi ya isopropili na tambara safi. Pulizia tambara kwanza, pembeni ya baiskeli, ndipo upanguse.

Sasa cheni, maana hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Cheni ya kisasa ya baiskeli ya gia ina pingili 110 hadi 118 hivi, na kila pingili ina pini na rola inayozunguka. Kutu inayoonekana kwenye bapa za pembeni ni aibu ya macho tu. Inayoua ni ile ya kati ya pini na rola, ambako jicho halifiki. Chukua pingili moja uikunje kwa vidole: ikikwaruza kama kuna punje ndani, au ikikataa kunyooka yenyewe, chumvi imeshaingia.

Mafuta ya cheni yako ya aina kuu tatu. Mepesi, yanayouzwa kwa ajili ya hali kavu, hayaokoti uchafu mwingi lakini huoshwa haraka. Kando ya bahari hayafai. Nta ya moto, ile ya kuchovya cheni, ni safi na tulivu kwa barabara kavu, na wanaoipenda wana haki ya kuipenda. Ila nta ikishaganda haitambai kurudi palipokwanguka. Maji ya chumvi yakipenya, cheni inaweza kushika kutu kwa usiku mmoja, na njiani huna sufuria ya kuyeyushia nyingine. Yanayobaki ni mazito, ya hali ya mvua, na ndiyo ya kubeba. Yanavuta mchanga, hilo ni kweli, lakini mchanga unapanguswa kila siku, ilhali kutu ya ndani haipanguswi.

Namna ya kuyatia ina uzito sawa na chaguo lenyewe. Cheni iwe safi na kavu. Zungusha pedali kinyumenyume polepole, tia tone moja juu ya kila rola upande wa ndani wa cheni, hadi kiungo ulichoanzia kirudi. Jumla ni kama mililita 5, kwa hiyo chupa ya mililita 60 itamaliza wiki na kubaki. Zungusha tena kwa nusu dakika, acha robo saa mafuta yazame, kisha shika cheni kwa tambara kavu na uzungushe mpaka nje yake isiache alama kwenye kidole. Hatua hii ya mwisho hurukwa na wengi, kisha lawama huangukia mafuta kwamba yanakusanya mchanga. Yaliyo nje ya cheni hayalainishi kitu.

Kuna pia cheni zilizotengenezwa kuhimili kutu, kama zile za kampuni ya KMC zenye alama ya EPT. Kwa anayeishi au kuendesha ufukweni kila wiki, zinafaa gharama yake. Kwa safari moja, cheni ya kawaida inayotunzwa jioni inatosha kabisa. Bado zote zinahitaji mafuta.

Grisi ndiyo sehemu isiyotangazwa sana na yenye faida kubwa zaidi. Tafuta grisi ya boti, au iliyoandikwa kuwa ina kalsiamu salfoneti. Aina hii haisukumwi kirahisi na maji, na yenyewe huzuia kutu. Grisi ya kawaida ya lithiamu ni nzuri kwa matumizi ya kila siku lakini huchoka upesi ikikutana na maji ya chumvi. Gramu 20 hadi 30 zinatosha baiskeli nzima.

Mahali pa kwanza pa kuipaka ni nguzo ya kiti. Fremu ya chuma yenye nguzo ya alumini, vikiloweshwa na maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri: alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaozaliwa hapo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoutoa. Hukaza. Nguzo iliyoachwa msimu mzima ufukweni bila grisi hufikia hatua ya kukatwa kwa msumeno. Funga utepe kuonyesha urefu wako, legeza kibanio, chomoa, pangusa nguzo na ndani ya bomba, paka utando mwembamba, rudisha. Ukiona duara la unga mweupe pale nguzo inapoingilia, usisubiri hata safari iishe. Nguzo au fremu ya kaboni haipakwi grisi; ina mchanganyiko wake maalumu wenye chembechembe za kuongeza mshiko, na ndio utumike.

Baada ya hapo ni nyuzi za pedali (kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inakokwenda), bolti za usukani, za chupa ya maji na za kereja. Kila moja ifunguliwe, ipakwe, irudishwe kwa mkazo wake. Waya za breki na gia zikiwa zimeanza kufumuka au kubadilika rangi, weka mpya za chuma kisichoshika kutu kabla ya kuondoka. Ni kati ya vifaa vya bei ya chini kabisa kwenye baiskeli, na ndivyo vinavyokusimamisha.

Kuhusu vimiminika maalumu vya kuondoa chumvi, hukumu ni fupi: maji yanatosha. Lita moja ya maji huyeyusha zaidi ya gramu 350 za chumvi, na baiskeli iliyorudi ufukweni haina hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Ndoo ya lita 10 imwagwe taratibu kuanzia usukani kushuka chini, sifongo na matone machache ya sabuni ya vyombo kwa fremu na rimu, kisha maji safi tena. Osha siku ileile, chumvi isilale juu ya chuma. Usitumie mashine ya maji yenye nguvu: inapenyeza maji ya chumvi kwenye beringi za vitovu vya magurudumu na za krenki (mikono inayoshika pedali), na huko hayatoki. Dundisha baiskeli mara mbili tatu chini ili maji yatoke, pangusa, iache kivulini penye upepo, ndipo uitie mafuta.

Siki kama dawa ya kutu ni nzuri kwa bolti ndogo ya kawaida iliyofunguliwa, ikioshwa vizuri baadaye na kupakwa mafuta. Cheni isiloweshwe humo. Asidi ikikutana na chuma kilichotiwa ugumu huzalisha hidrojeni inayoingia ndani ya chuma na kukifanya kikatike ghafla, na cheni hukatika pale mguu unaposukuma kwa nguvu zote. Cheni yenye kutu ya juujuu isuguliwe kwa tambara na mafuta. Pingili zikibaki ngumu baada ya kutiwa mafuta mara mbili, au kipimo cha kuchakaa, kile kinachoonyesha cheni imerefuka kiasi gani, kikifika asilimia 0.75 (0.5 kwa cheni ya gia 11 au 12 za nyuma), inunuliwe nyingine.

Mfuniko wa plastiki ni mzuri kwa mvua na kwa safari ya juu ya gari. Ukifunika baiskeli iliyolowa, umeifungia unyevu na chumvi pamoja.

Safari ikiisha, toa nguzo ya kiti, pindua baiskeli kichwa chini usiku mmoja, na angalia kitundu kidogo cha chini ya kikombe cha krenki, yaani sehemu ya fremu inamopita ekseli ya krenki, kama fremu yako inacho. Mara nyingi kimezibwa na mchanga. Kizibue kwa waya mwembamba, maji yaliyokusanyika yatoke, kisha pulizia lanolini kidogo ndani ya bomba kama fremu ni ya chuma, na uirudishe nguzo na grisi mpya.