Phyphox: simu yangu peke yake haikutosha

Tulikuwa watatu kwenye mradi wa fizikia wa mtandaoni: mimi Kirumba, dada mmoja Nansio, na jamaa wa Sengerema. Maabara hatuna. Tukapakua Phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Inageuza vihisio vya simu kuwa vifaa vya kupimia.

Nikaanza na pendulamu. Simu nikaitia kwenye kipande cha mfuko wa vitunguu, nikaining'iniza barazani kwa kamba, mita moja kamili toka msumarini hadi ncha ya juu ya simu. Programu ikasoma sekunde 2.09 kwa bembea moja. Nikapiga hesabu ya mvutano wa dunia: 9.04, wakati inatakiwa kama 9.8 (mita kwa sekunde kwa sekunde). Kidogo mno! Nikaanza kuandika aya nzima ya kuulaumu upepo wa ziwa (visingizio ni kipaji changu). Dada wa Nansio akaiangalia picha niliyotuma kwenye grupu, akauliza, "Kaka, kipimo chako kimeishia wapi?" Kumbe urefu unahesabiwa hadi katikati ya uzito, yaani katikati ya simu. Nikaongeza sentimita 8. Ikaja 9.76. Aya ya upepo nikaifuta kimyakimya.

Jamaa wa Sengerema ana simu ya bei nafuu isiyo na jairoskopu (kihisio cha kupima mzunguko wa simu), kwa hiyo kipengele cha pendulamu hakikufunguka kwake. Nikadhani atakuwa abiria tu. Nikamtumia faili la data, dogo, halikula bando, akachora grafu zote, na ni nzuri kuliko ambavyo ningechora mimi.

Kasi ya sauti ilinishinda kabisa. Saa ya programu huanza na kusimama kwa kusikia kofi, na mimi naishi karibu na soko la Mwaloni: wauza dagaa wakipaza sauti, saa inakimbia. Dada akaifanya Nansio usiku, na mjomba wake. Simu mbili, mita 5 kati yao, kila mtu kando ya simu yake: mmoja anapiga kofi kuanzisha, mwingine kusimamisha. Tofauti ya saa hizo mbili ilikuwa sekunde 0.029. Sauti imevuka mita 5 mara mbili, kofi moja kwenda na lingine kurudi, basi gawanya 10 kwa hiyo: kama mita 345 kwa sekunde.

Naipa nyota nne. Angalia kwanza kama simu yako ina jairoskopu, na fundo ulikaze. Langu lilifunguka mara moja, kioo bado nakidunduliza.