Kliniki ya Lishe ya Kampala Inayoanza na Ulaji Kabla ya Uzito

Watu wengi wanaotafuta huduma ya kupunguza uzito mjini Kampala huanza kwa kuuliza ni kilo ngapi zitaondoka na kwa muda gani, na wauzaji wa huduma hizo wamezoea kulijibu swali hilo hata kabla hawajaulizwa. Kliniki ndogo ya lishe ninayoieleza hapa, iliyo upande wa Wandegeya, hailijibu. Mtaalamu wa lishe humwambia mteja waziwazi kwamba kabla ya kuzungumzia kilo anataka kujua mteja anakula vipi, saa ngapi, akiwa na nani, na kama kuna chakula anachokila kwa kujificha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza kliniki hii, na ndiyo sababu pia ya baadhi ya wateja kuondoka wakinung'unika baada ya kikao cha kwanza. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina malalamiko juu yake, na kwa kuwa utaratibu wenyewe mtu anaweza kuudai kwa mtaalamu yeyote wa lishe aliyeisomea kazi yake.

Kikao cha kwanza huchukua karibu saa nzima. Muuguzi hupima shinikizo la damu na sukari, kisha urefu, uzito na mzunguko wa kiuno. Mteja asiyetaka kujua uzito wake hupanda mizani akiipa mgongo sehemu yenye namba, na muuguzi huandika bila kusema neno. Baada ya hapo mtaalamu hueleza uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) kama unavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani: kati ya 18.5 na 24.9 ni hali ya kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Papo hapo huongeza kwamba kipimo hicho hakionyeshi mafuta yamekaa wapi mwilini, ndiyo maana utepe wa kiuno unahitajika, na mwanamke ambaye kiuno chake kimezidi sentimita 80 huulizwa zaidi kuhusu kisukari na moyo. Mteja aliye chini ya 18.5 hapewi mpango wa kupungua hata akiomba kwa machozi. Nilimpeleka mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetaka kupungua kabla ya mahafali, naye badala ya kuandikiwa mpango alielekezwa kwa daktari siku hiyohiyo, na mtaalamu akaomba ruhusa yake ya kuzungumza nami. Huduma ambayo ingeweza kuchukua fedha zake ikanyamaza haikufanya hivyo, na kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko tangazo lolote.

Maswali yanayofuata ndiyo kiini cha kikao. Je, umewahi kujitapisha baada ya kula? Unatumia chai au vidonge vya kuharisha? Kuna siku unashinda bila kula kwa makusudi? Kuna wakati unakula hadi unahisi huwezi kujizuia, ingawa ulishashiba? Huulizwa kwa sauti ileile iliyotumika kuuliza umri na mahali unapoishi, bila kuinua nyusi, na nadhani ndiyo maana watu hujibu ukweli. Ulaji wa kupindukia usiozuilika ni ugonjwa unaotambuliwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliupa nafasi yake yenyewe mwaka 2013, na kigezo chake ni vipindi vya kula namna hiyo angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Kwetu Uganda neno lishe huwapeleka watu moja kwa moja kwenye utapiamlo wa watoto, na ni haki, kwa kuwa kitengo cha Mwanamugimu katika Hospitali ya Mulago kimewahudumia watoto hao kwa miongo mingi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 24 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mtu mzima mwenye mwili mkubwa ambaye hula kwa siri usiku, akashinda na njaa kesho yake kwa aibu, hajui aende mlango gani. Mlango wa kliniki hii umewekwa kwa ajili yake.

Mteja haondoki na orodha ya vyakula vilivyokatazwa, bali na daftari. Anaandika saa, mahali, alichokula, na hali ya moyo wake kabla ya kula, kalori haziandikwi. Mstari mmoja katika daftari langu ulisomeka hivi: saa nne usiku, jikoni, nimesimama, chapati na mchuzi uliobaki, sina njaa, nimetoka kusahihisha mitihani, tangu asubuhi nimekunywa chai ya rangi tu. Mtaalamu aliweka kidole kwenye maneno ya mwisho, akasema tatizo la saa nne usiku lilianza saa mbili asubuhi. Hakusema lolote juu ya chapati.

Msingi wa maelezo yake una historia ndefu. Kati ya mwaka 1944 na 1945 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula kwa takriban miezi sita wanaume 36 wenye afya waliojitolea, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walianza kuwaza chakula muda wote, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi, na waliporuhusiwa kula tena baadhi yao walikula kupita kiasi wasione shibe. Hawa walikuwa vijana wenye akili timamu na nia thabiti, kwa hiyo anayejinyima mchana kisha akashindwa kujizuia usiku hana sababu ya kujiita mdhaifu. Ndiyo maana tiba ya mazungumzo kwa wenye matatizo ya ulaji, iliyoandaliwa na daktari wa akili Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford huanza kwa kurudisha mpangilio: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, na pengo kati yake lisizidi saa nne. Kliniki inafuata mpangilio huo karibu neno kwa neno. Wiki za mwanzo wateja hushtuka kuambiwa wale asubuhi ilhali walikuja kupungua, lakini katika uzoefu wangu vipindi vya kula usiku ndivyo vilivyopungua kwanza, na uzito ukaanza kushuka baadaye, polepole, bila mimi kuukimbiza.

Lengo la uzito linapozungumzwa, huzungumzwa kwa kiasi. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi inayohesabiwa kuwa salama, na mtu mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, shinikizo la damu na sukari huwa tayari vimeanza kunufaika. Hakuna picha za kabla na baada ukutani, jambo ambalo nililishukuru.

Kuhusu chakula chenyewe, mtaalamu anaijua sahani ya hapa. Katika mikahawa mingi ya Kampala ukiagiza chakula cha mchana bila kuchagua, unapakuliwa vyote: matoke, posho (yaani ugali), wali, viazi vitamu, mihogo na kipande cha boga, halafu kibakuli kidogo cha mchuzi pembeni. Yeye hashauri kuacha matoke. Anashauri kuchagua wanga mmoja au miwili kwa kiasi cha ngumi, kujaza nusu ya sahani kwa mboga za majani kama nakati, dodo (mchicha wa hapa) au kabichi, na kuongeza maharagwe, samaki au dagaa wale tunaowaita mukene, ambao ni wa bei nafuu na wana protini nyingi. Mchuzi wa karanga anausifu kwa lishe yake, ila anakumbusha kwamba gramu 100 za karanga zina takriban kalori 570, na kijiko kikubwa cha mafuta kina kama 120, kwa hiyo kipimo cha mchuzi kina maana kuliko kipimo cha matoke ambayo watu huyalaumu bure.

Kipindi kilichonigusa zaidi ni kile cha kikundi, ambapo mwanamke mtu mzima kutoka Bombo aliuliza kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, nikienda kwa wakwe nikapewa sahani imejaa, niikatae?" Mtaalamu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe kweli, alimjibu, "Usiikatae, Hajati. Omba upakuliwe kidogo mwanzoni, anza na mboga na samaki, ule taratibu, na ukiletewa nyongeza msifu aliyepika kisha useme umeshiba alhamdulillahi." Wote tulicheka, lakini jibu lilikuwa la maana sana. Mpango wa lishe usiojua kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima hauwezi kudumu hata mwezi katika nchi hii.

Wanajua pia mzigo mwingine ambao wageni hawauoni. Miaka ya 1980, Ukimwi ulipoingia Rakai, kusini mwa Uganda, watu waliuita ugonjwa huo slimu kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mtu akipungua hapa, majirani huanza kunong'ona, na wapo wanaorudia kula kwa wingi ili tu mashavu yarudi na maneno yaishe. Kikao kizima cha kikundi kilitumika kuzungumzia namna ya kumjibu shangazi anayeuliza kwa wasiwasi kama unaumwa, na mtaalamu hakuona kwamba anapoteza wakati.

Juu ya chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa kwenye stendi za teksi na kupitia simu, msimamo wao ni mkali, nami naunga mkono. Nyingi ya chai hizo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kalori nyingi huwa zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla dawa haijafanya kazi yake kwenye utumbo mpana, kwa hiyo kinachotoka ni maji na madini, na mizani ikishuka leo itapanda mtu akinywa maji. Upungufu wa potasiamu unaoletwa na kuharisha au kujitapisha kwa muda mrefu unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mbaya zaidi, baadhi ya vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vimewahi kukutwa duniani vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na mishipa ya damu. Kliniki humwomba mteja alete pakiti, kisha humwonyesha kama ina usajili wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa au haina.

Kwa Waislamu kuna utaratibu wa Ramadhani: daku haiachwi, futari huanza kwa tende, maji na uji, na mlo mkubwa husubiri baada ya swala ya Magharibi. Kwa anayepitia vipindi vya ulaji usiozuilika au kujitapisha, wanamtaka amwone daktari na azungumze na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu mgonjwa ana ruhusa katika dini na hapaswi kuiona kama aibu.

Sasa malalamiko. Mizani imewekwa kwenye ujia, mita chache kutoka viti vya wanaosubiri, na ingawa muuguzi hasemi namba, macho ya watu yapo. Kwa kliniki yenye busara ya namna hii katika mambo mengine yote, jambo hilo linaudhi, na pazia moja lingelimaliza. Karatasi ya mfano wa milo wanayogawa ina shayiri ya kizungu, brokoli na matunda ambayo sijawahi kuyaona katika soko la Nakasero, ilhali mtaalamu mwenyewe huongea kuhusu nakati na mukene. Ni wazi aliyeiandika karatasi hakuwahi kumsikiliza. Maandishi yote ni ya Kiingereza na Luganda, na sisi tuliokuja tukizungumza Kiswahili, kutoka Bombo, Busia au Arua, tunategemea tafsiri ya mdomo. Ada ya kikao cha kwanza inakaribia ile ya kumwona daktari bingwa wa kujitegemea, na hilo linawafungia nje watu wengi wanaohitaji huduma hii.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba hapana mshauri wa afya ya akili anayekaa pale. Mteja ambaye ulaji wake umefungamana na msiba, kipigo nyumbani au huzuni nzito hupewa barua ya rufaa, na kutoka hapo anajitegemea. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika na vitengo vya afya ya akili vya hospitali za rufaa za mikoa vipo, lakini kliniki ingepaswa angalau kupiga simu kuuliza kama mtu alifika.

Anayetaka kupungua haraka kwa ajili ya harusi hatapata anachokitafuta hapa. Anayezirai, anayejitapisha kila siku au anayehisi moyo wake unaruka aende hospitali kwanza, wala asisubiri miadi ya lishe. Wengine wote, hasa waliochoka kuanza upya kila Jumatatu, nawashauri wapige simu na kuomba kikao cha asubuhi katikati ya wiki, wakati foleni ni fupi na mtaalamu hana haraka, waende wakiwa wamekula, na wabebe kila chai, kidonge na unga walionunua kwa ajili ya kupungua, hata kama pakiti imebaki tupu.